Hatufuti

Hapa Bariadi wapo watu ambao mpaka leo, ukiwatajia Siwema binti Mudathiri, neno la kwanza kuwatoka mdomoni ni kiburi. Mwanamke ana kiburi yule. Mwanamke hasikii. Nimelisikia sokoni, nimelisikia bombani, nimelisikia hata kwenye jumuiya yetu ya kanisani, tena kwa watu ambao harusi zao ni yeye aliyezipiga video. Mimi Violeth nimeshona nguo ukuta mmoja na duka lake tangu cherehani yangu ikiwa bado na rangi, kwa hiyo nina haki ya kusema. Ndiyo, ana kiburi. Nitaeleza kilimfikisha wapi, halafu kila mtu aseme anachotaka.

Siwema si Msukuma. Baba yake, mzee Mudathiri, alitoka Ujiji akiwa kijana na vitambaa begani, akafika huku akakuta watu wanaopenda vitambaa, akakaa. Siwema alizaliwa hapa hapa, akakua anaongea Kisukuma barabarani na Kiswahili nyumbani. Soko lilipoachiwa huria na pamba ikawa haiuzwi tena kwa chama cha ushirika peke yake, wanunuzi binafsi walikuja na malori yao, na kila msimu mji ulijaa wanaume wenye hela mpya wasiojua waifanyie nini. Wengine walinunua baiskeli, wengine redio, wengine wakaongeza wake. Mzee Mudathiri akaona mitumba. Binti yake akaona harusi.

Kwa sababu mtu akioa siku hizo alitaka ionekane kwamba ameoa. Siwema alianza na kamera ya kaseti kubwa, ile ya kubeba begani. Baba yake alimuuliza mwanamke wa Kiislamu atasimamaje katikati ya wanaume wanaocheza ngoma akiwa na mashine. Siwema akamjibu, "Nitasimama nimejitanda." Na ndivyo alivyosimama miaka yote, ushungi kichwani, raba miguuni, akiwasukuma wajomba wa bi harusi kwa kiwiko ili wasizibe picha. Mimi nilishona magauni, yeye akayapiga video. Tulikula harusi nyingi pamoja.

Mwaka elfu mbili na mbili alikwenda Mwanza akarudi na kamera ndogo ya kidijitali, ile ya kaseti za kuingia kiganjani, pamoja na kompyuta iliyofungwa kwenye magodoro kama mgonjwa. Mji mzima ulipita kuiangalia. Kazi ikawa rahisi: anarekodi, anamimina kwenye kompyuta, anakata, anachoma kwenye CD, mteja anaondoka nayo. Kaseti ikishamiminwa inatumika tena harusi inayofuata. Kila mtu wa video alifanya hivyo, maana kaseti zilikuwa ghali na za kuagiza.

Halafu umeme ukakatika mchana mmoja, ukarudi kwa kishindo. Kutoka kwa Siwema ikaja harufu ya kuungua, nikakimbilia huko na ndoo ya maji, akanizuia mlangoni. Hakukuwa na moto. Kulikuwa na kompyuta iliyokufa, na ndani yake harusi za msimu mzima ambazo bado hazijachomwa kwenye CD, na kaseti zake zote zilikuwa zimeshaandikwa juu kwa harusi nyingine. Fundi alikuja, akafungua, akafunga.

Siwema hakujificha. Alimwambia kila bi harusi usoni kwamba harusi yake imepotea na kosa ni lake. Mmoja alimtupia kandambili. Mwingine alikaa kwenye benchi langu akalia mpaka nikaacha kushona.

Wa mwisho kufika alikuwa mzee Mayige wa Sapiwi, aliyekuwa ameoza mwanawe. Mzee mrefu, mwenye ng'ombe, mwenye kuuliza polepole.

"Ng'wana Mudathiri, harusi ya mwanangu ilikuwa wapi?"

"Kwenye kompyuta, baba."

"Na ya nani mwingine ilikuwa humo?"

"Za wote."

Mzee akamtazama. "Za wote? Zizi moja?"

Hakugomba. Alikaa akamweleza kama anavyoelezwa mtoto anayepelekwa machungani mara ya kwanza. Alisema mwaka wa ugonjwa, zizi lake la Sapiwi liliisha lote, akaamka ni maskini. Lakini alikuwa na ng'ombe wengine Nkoma kwa shemeji yake, na wengine kwa rafiki upande wa Maswa. Hao ndio waliomrudisha mjini na kofia kichwani. "Sisi hatulazi ng'ombe wote nyumbani, mayu. Unampa jamaa, anakaa nao huko mbali. Maziwa anakunywa yeye na watoto wake. Samadi anamwaga shambani kwake. Ng'ombe anabaki wako. Wewe nani alikufundisha ufugaji?" Mayu ni mama, ndivyo wazee wetu wanavyomwita hata binti.

Siwema aliyachukua yale maneno jinsi yalivyo. Alikopa kompyuta nyingine, na kabla hajaiwasha alichukua rangi ya mlango wangu akaandika ukutani kwa herufi kubwa: HATUFUTI. Maana yake kwake ilikuwa moja tu. Kaseti ikisharekodiwa harusi ya mtu hairekodiwi kitu kingine juu yake, hata kama mfukoni hamna kitu na kesho kuna kazi. Anasukuma kile kidude cha pembeni kinachozuia kurekodi, kaseti inaingia kabatini. Wenzake wa video walimcheka. Walikuwa wanamuuliza kama siku hizi anauza harusi au anazizika.

Kutoka kwenye kaseti, harusi iliingia kwenye kompyuta, kutoka kwenye kompyuta ikaenda kwenye CD, na baadaye zilipokuja, kwenye DVD na kwenye diski ya nje, lile boksi dogo lenye waya. Kila nakala aliiwasha kwanza. Alitazama mwanzo, akaruka katikati, akatazama mwisho. Ukimwambia "ipo, nimeliona jina lake," anakwambia, "Jina nimeliona na mimi. Iwashe tumwone mtu."

Na majina yenyewe aliyapanga kwa ukali. Huku kwetu jina la bi harusi halikusaidii kitu. Ukiandika Kabula, unamaanisha Kabula yupi? Mtoto wa kike akizaliwa mvua inanyesha anaitwa Kabula, na mvua hainyeshi kwenye nyumba moja. Akishaolewa anakuwa mama fulani, akizaa tena watu wanabadilisha. Kwa hiyo Siwema aliandika ng'wana wa nani, yaani mtoto wa nani, wa wapi, msimu gani: Ng'wana Masunga, Sapiwi, mavuno. Baba wa mtu habadiliki. Sheria hiyo ilivunjwa mara moja tu, na bi harusi mmoja wa Nyalikungu aliyekuwa na maringo. Alinyang'anya kaseti mkononi mwa Siwema akaandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu, KABULA, akazungushia maua.

Baada ya hapo akagawa. Kaseti zilibaki Bariadi, kwenye kabati lililoinuliwa juu ya matofali kwa ajili ya mchwa. Diski ya nje ililala Nyalikungu kwa mdogo wake Muzdalifa, mwenye mgahawa. CD na DVD zilikwenda Sapiwi kwa mzee Mayige, ndani ya sanduku la bati. Na Siwema akafuata desturi nzima, bila kupunguza: anayetunza anakunywa maziwa. Ukinitunzia harusi, ruksa kuzitazama. Muzdalifa aliziwasha wateja wakila chapati. Mzee Mayige alikuwa na televisheni ya betri ya gari, na jioni majirani walikaa uani kwake wakitazama harusi za watu wasiowajua na za watu wanaowajua.

Hapo ndipo yalipoanza yale.

Kulikuwa na Kabula mwingine, mtoto wa Sapiwi, ndiye huyo ng'wana Masunga. Nilimshonea gauni mwenyewe, mwaka elfu mbili na nne. Aliolewa na Maganga, kijana wa hapa hapa nje ya mji, mwenye ng'ombe wachache na mashine ya kusaga. Mwaka uliofuata alijifungua mtoto wa kike, Nyamizi, na kabla kitovu cha mtoto hakijadondoka yeye alifariki. Hakuna aliyekuwa na picha yake. Si kwamba zilipotea, hazikuwahi kupigwa. Maganga alikuwa na CD moja ya harusi, na siku alipomleta mke mpya, Sayi, akaivunja kwa mkono wake ili asiwe na wanawake wawili nyumbani.

Sayi alikuwa mke mwema. Alimlea Nyamizi bila kelele. Lakini mwaka mmoja, Nyamizi akikaribia umri wa chekechea, mimba yake ilitoka, na baada ya hapo hakula, hakulala, kichwa kilimuuma mpaka akawa anakaa kivulini mchana kutwa bila kuongea. Na katika wiki hizo hizo mwanamke mmoja wa Sapiwi alikuja mnadani, akamwona mama yake Maganga, akamwambia kwa furaha kabisa: "Tumemwona Kabula kwa Mayige. Anacheza, yupo vile vile."

Unaweza kufikiria neno hilo lilivyofika nyumbani. Wakaenda kwa mganga. Mganga akasema bi harusi huyo hajaachwa aende. Kila jioni watu wanamwita, naye anakuja, anacheza, na hawezi kucheza kwenye nyumba yenye bi harusi mwingine bila kumuumiza. Kichomwe hicho anachokaa ndani yake.

Sitawacheka. Mimi mwenyewe ni mtu wa misa kila Jumapili, na nilipoisikia habari ile nilipita dukani kwa Siwema nikiangalia lile kabati kwa jicho la pembeni.

Maganga alikuja asubuhi, peke yake, kofia mkononi. Alisalimia kwa utaratibu wote, nyumba, watoto, ng'ombe, mvua. Kisha akasema shida yake.

"Dada Siwema, nipe ile kaseti ya harusi yangu. Na hizo zingine uzifute."

"Mkeo anaumwa, nimesikia. Pole sana."

"Wabeja. Nipe kaseti."

"Kule Sapiwi nitakwenda leo hii nimwambie mzee asiionyeshe tena kwa watu. Hilo una haki nalo, na naomba radhi. Sikufikiri. Lakini kufuta, hapana."

"Tulimzika, dada. Wewe unamtembeza."

"Nimesema simtembezi tena."

"Harusi niliilipia mimi! Kabula nilimtolea ng'ombe mimi! Wewe una nini naye?"

"Sina kitu naye. Nyamizi je?"

Maganga akainamisha kichwa. "Nyamizi mdogo. Hajui kitu."

"Ndiyo maana sifuti," akasema Siwema.

Hapo ndipo wanaposema alikuwa na kiburi. Mwanaume amekuja na kofia mkononi, mkewe anaisha nyumbani, na mwanamke wa video anamkatalia kwa ajili ya utepe wa plastiki. Hata mimi nilimwambia, "Mpe tu, Siwema. Sayi akifa, mjini hapa hutaishi." Akaniambia kama ninaogopa nihamishe cherehani. Sikuihamisha, ila nilinuna siku nzima.

Alikwenda Sapiwi kama alivyoahidi. Mzee Mayige alikubali kuacha kuionyesha, lakini alinung'unika kidogo, maana alikuwa anampenda yule bi harusi, na alisema maziwa yamekatwa.

Siku chache baadaye Siwema alikuwa Maswa kwenye harusi, mimi nimebaki na funguo zake. Maganga akaja na kaka zake wawili. Hawakunipiga, tuwe wakweli. Walinisogeza tu mlangoni kama unavyosogeza kiti. Nilikuwa na mkasi mkononi, mkasi mkubwa wa kukatia suti, na ningependa kusema niliutumia. Nilisimama nao.

"Iko wapi ya Kabula?" kaka mkubwa akauliza.

"Tafuteni wenyewe. Mimi ni fundi cherehani."

Wakafungua kabati. Kaseti zimejaa, zimepangwa, zote ng'wana fulani wa mahali fulani. Walisoma moja moja kwa sauti, wakakasirika. Jina la mkwe wao Masunga lilipita mbele ya macho yao, nililiona, na kaka mdogo alilishika kabisa, lakini yeye alikuwa hatafuti Masunga. Alikuwa anatafuta Kabula. Na chini kabisa, kwa kalamu nyekundu, likawa linawangoja, KABULA, na maua yake.

"Hii hapa!"

Mimi nilijua pale pale. Nilifunga mdomo wangu kwa nguvu kiasi kwamba meno yaliniuma.

Waliichoma mchana ule ule uani kwa Maganga, mganga akiwepo, na majani na maneno yake. Nakala za kwingine hakuzijali, alisema ukichoma shina matawi yanakauka yenyewe. Tuliambiwa ilitoa moshi mweusi na harufu mbaya sana, na watu waliogopa. Kwa hiyo yule Kabula mwenye maringo wa Nyalikungu, ambaye yuko hai, ana duka la vyombo na watoto watatu, alichomwa moto siku hiyo akiwa anauza sufuria.

Na Sayi akapona.

Sitasema hakupona ili hadithi yangu ikae vizuri. Nilimwona mwenyewe wiki iliyofuata ana ndoo kichwani, anasalimia watu. Alikula, alilala, kichwa kiliacha. Mji ukasema mganga yule ni kiboko.

Siwema aliporudi nilimsimulia, na nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Alitoa kaseti ya ng'wana Masunga kabatini, akaiwasha, akatazama mwanzo, katikati na mwisho, akairudisha. Kisha akapiga simu Nyalikungu, Muzdalifa akaangalia kwenye diski, akasema harusi ya yule mwenye sufuria ipo nzima. Kwa hiyo hakuna aliyepoteza chochote, nikamwambia. Mgonjwa amepona, mume ameridhika, kaseti yako ipo. Nyamaza. Mungu mwenyewe amekusaidia.

Akanyamaza. Nilimwona anavyonyamaza, kama mtu aliyemeza mfupa.

Shule za chekechea zilikuwa karibu kufunguliwa, na akina mama walileta watoto kupimwa sare. Sayi alimleta Nyamizi. Mtoto alikuwa mwembamba, mpole, anainua mikono kabla hujamwambia. Sayi alivuka barabara kununua chumvi, mimi nikabaki na futi yangu ya kupimia. Siwema alikuwa kwenye ngazi anasafisha kamera. Nyamizi akamwangalia sana, halafu akamuuliza kwa sauti ya kawaida tu:

"Ni wewe ulikuwa umemweka mama yangu?"

Siwema akaacha kusafisha. "Ndiyo. Ni mimi."

"Baba amemchoma."

Hakulia. Aliisema kama anavyosema mtoto kwamba mbwa wao amekufa. Sayi akarudi na chumvi yake, wakaondoka, na Siwema akaingia ndani akafunga mlango, akatoka macho mekundu.

"Violeth, mimi ni mjinga," akaniambia. "Nimemlaza kila mahali asipotee, halafu nimekaa kimya ili mwanawe aamini amechomwa. Sasa namtunzia nani? Mchwa?"

"Utauawa."

"Labda. Nisaidie kubeba betri."

Nilimwambia maneno mengi njiani, na mengi hayakuwa ya kanisani. Mkokoteni ulibeba televisheni na betri, Siwema alibeba deki na nakala mpya ya DVD, mimi nilibeba hasira na waya. Tulifika kwa Maganga mchana, jua likiwa limeanza kulegea. Walikuwa uani wote, Maganga, kaka zake, mama yao, Sayi akipepeta mtama, na Nyamizi pembeni yake. Waliona televisheni na wakasimama.

Siwema hakungoja kiti. Aliongea Kisukuma, ili mama mkwe wa Sayi asipitwe na neno.

"Mliyemchoma si Kabula wenu. Mmemchoma Kabula wa Nyalikungu, yule muuza sufuria, na hata yeye hajambo. Wenu ninaye. Ninaye kwangu, ninaye kwa mdogo wangu, ninaye kwa mzee Mayige. Mkinivunjia hii niliyoshika, zipo. Mkinipiga mimi, zipo. Nimekuja kwa sababu mtoto ameniambia mama yake amechomwa, na huo ni uongo, na siwezi kulala na uongo aliopewa mtoto."

Kaka mkubwa alikwisha kuokota fimbo. Mama mkwe alishika kichwa akaita jina la mumewe marehemu. Maganga alikuja mpaka usoni kwa Siwema, na sikuona ubaya usoni kwake, niliona woga mtupu. "Unataka kuniulia mke," akasema. "Amepona jana tu, umekuja kumrudishia."

"Mimi nimepona," akasema Sayi.

Alikuwa ameshika ungo. Ni mwanamke mdogo wa umbo, na sijawahi kumsikia akipaza sauti, wala siku ile hakupaza.

"Nimepona, na yeye alikuwepo," akasema. "Hamkumchoma. Alikuwepo siku zote, na mimi nikala, nikalala, nikateka maji. Basi si yeye aliyeniumiza. Nimemwogopa wiki zote hizi mtu ambaye hakunifanya kitu." Akaweka ungo chini. "Iwashe, dada. Na mimi nimwone."

"Sayi," Maganga akasema.

"Namlelea mtoto. Nimwone."

Kaka mkubwa alibaki na fimbo yake, hajui aiweke wapi. Mimi nikafunga waya kwenye betri, nikaunganisha vibaya, nikarudia. Picha ikaja.

Ni Sapiwi, mchana kama ule, vumbi, watu wamejipanga. Gauni langu lile, mkono wa kushoto niliushona umepinda kidogo na bado unaonekana. Kabula amekaa kichwa chini kama anavyotakiwa bi harusi, shangazi zake wamemzunguka ili watu wasije wakamwona anacheka. Mama mkwe alitoa sauti ndogo. Sayi alisogea karibu akamtazama bila kupepesa, na nikamsikia akisema polepole, "Kumbe mdogo hivi."

Maganga hakutazama. Alikuwa amegeukia zizi.

Nyamizi alikuwa amesimama nyuma ya Sayi, amemshika kanga. Kwenye picha ikasikika sauti ya Siwema, ya ujana kidogo, nyuma ya kamera: "Bi harusi, wasalimie watakaokuona." Shangazi mmoja akamzuia kwa mkono. Kabula akausogeza ule mkono, akainua uso, akatutazama wote pale uani moja kwa moja.

"Mwadila!" akasema.

Nyamizi akatoka nyuma ya Sayi. Akapiga magoti mbele ya televisheni kama alivyofundishwa kumsalimia mtu mzima, mikono pamoja, macho chini.

"Mwadila, mayu," akaitikia.

Akabaki hapo, amepiga magoti. Salamu yetu haiishii kwenye neno moja. Mkubwa akishasalimia anauliza habari za nyumbani, na mtoto haondoki mpaka aulizwe. Kwenye picha, Kabula alikuwa amekwisha kuinamisha uso tena, kamera imehamia kwa wajomba wanaocheza ngoma, vumbi limejaa. Nyamizi alikuwa anangoja.

Siwema alinyoosha mkono kuzima. Nadhani hata yeye hakuweza kuvumilia.

"Usizime," akasema Maganga. Alikuwa amegeuka, sijui tangu saa ngapi. Uso wake ulikuwa umelowa, na hakujali kaka zake wanaona. "Rudisha nyuma, dada. Rudisha pale anaposalimia."